Sinki la Ukutani kama Zana ya Kufundishia: Mpango wa Mabomba na Sababu Zake

Mwalimu anapoandaa somo la kazi za mikono au la sayansi, aghalabu huanza kwa kulalamikia uhaba wa zana. Vitabu havitoshi, maabara hakuna, na hata chaki huhesabiwa. Malalamiko hayo yana haki yake, wala hatukusudii kuyadharau. Lakini zipo zana ambazo hazikununuliwa kwa ajili ya kufundishia, nazo zimetundikwa ukutani mwaka mzima, mwalimu akizipita asubuhi na jioni pasipo kuzitazama. Mojawapo ni sinki la kunawia mikono lililofungwa ukutani, pamoja na mabomba yake.

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Tutaeleza jinsi mabomba ya sinki la namna hiyo yapasavyo kupangwa, na sababu ya kila jambo; kisha tutaonyesha njia ya kumwongoza mtoto azigundue sababu hizo mwenyewe. Hatutaki kumgeuza mwalimu awe fundi bomba. Kazi ya fundi ni ya fundi. Twataka mwalimu awe na macho ya kuikagua kazi hiyo, maana yeye ndiye atakayekabidhiwa sinki na watoto mia kadhaa watakaolitumia, hali fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Tumelichagua sinki la ukutani kwa sababu halina pa kujificha. Sinki lililojengewa kabati husitiri mabomba yake nyuma ya mlango. Lenye mguu wa kauri huyasitiri nyuma ya mguu. Hili la ukutani laonyesha kila kitu. Mtu akiinama kidogo huona maji yanakoingia, yanakotoka, na mahali fundi alipokata tamaa.

Hapo ndipo linapoingia suala la unadhifu. Wanachuo wengi hudhani kuwa mpangilio mzuri wa mabomba ni pambo, jambo la kuwapendeza wageni siku ya ufunguzi. Sivyo. Chini ya sinki, unadhifu ni ushahidi wa kipimo. Bomba limenyooka kwa sababu tundu la ukutani lilipimwa baada ya sinki kupimwa. Ukiona mpira umejikunja kama nyoka, au bomba la kutolea maji limeingia ukutani kwa upande, jua kuwa mahali fulani mtu alikisia badala ya kupima. Na makisio hayo hayaishii katika sura mbaya. Baadaye hutoka kwa njia ya uvujaji, uvundo au kuziba.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha. Tanzania tumezoea kuita “bomba” kitu kinachopitisha maji na pia kile kinachofunguliwa kwa mkono ili maji yatoke. Mtoto akiambiwa “funga bomba” huelewa. Akiambiwa “bomba limechimbiwa ukutani” huchanganyikiwa. Katika somo hili twashauri mwalimu atenganishe: “bomba” liwe la kupitishia maji, na kile cha kufungua kiitwe “bilula”, au “koki” ikiwa ndilo jina linalotumika mahali hapo. Bora neno lichaguliwe mapema na lisibadilishwe katikati ya somo.

Sasa tuanze na kuning’inia kwa sinki, kwani mabomba hayawezi kuwa sawa ikiwa lenyewe linacheza. Sinki la kauri la kawaida lina uzito wa kilo 10 hadi 15 hivi. Huo si mzigo mkubwa kwa ukuta. Mzigo mkubwa ni mtoto. Sinki hutokeza kiasi cha sentimeta 40 kutoka ukutani, na mtoto anapoegemea ukingo wa mbele, au anapokwea ili ajitazame kiooni, ukingo huo hufanya kazi ya wenzo na kuzivuta bolti za juu zitoke. Mwalimu wa sayansi anayetafuta mfano wa wenzo asiende mbali. Kauri ikianguka hupasuka vipande vyenye makali ya wembe, na walio karibu ni watoto, wengine wao wakiwa peku. Kwa sababu hiyo, kufungwa kwa sinki la shule si jambo la kuachia desturi. Katika ukuta wa matofali ya saruji yenye uwazi ndani, bolti ya kutanuka haina cha kushika. Hapana budi uwazi huo ujazwe zege mahali pa bolti, au bolti ipenye ukuta mzima na kufungwa kwa nati na bamba la chuma upande wa pili, au sinki likalishwe juu ya mikono ya chuma. Ile silikoni nyeupe inayopakwa kati ya sinki na ukuta ni ya kuzuia maji yasipenye. Haikuwekwa ili ibebe mzigo, nasi tumekwisha kuona masinki ambayo hayakuwa na kitu kingine cha kuyashikilia.

Kuhusu kimo, ukingo wa sinki la watu wazima kwa kawaida huwekwa kati ya sentimeta 80 na 85 kutoka sakafuni. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kimo cha sentimeta 115 hufikiwa na ukingo huo karibu na kwapa. Hunawa mikono ikiwa imeinuliwa, maji yakamtiririkia hadi kwenye viwiko na kulowesha shati. Akifanya hivyo siku mbili, siku ya tatu hanawi. Kanuni rahisi ni kwamba ukingo uwe chini kidogo ya kiwiko cha mtumiaji. Kwa mtoto tuliyemtaja, sentimeta 60 hadi 65 zafaa. Lakini mwalimu asilichukue jibu hili kutoka kwetu. Wanafunzi wapimane kimo cha viwiko vyao, waandike vipimo ubaoni kwa kila darasa, watafute wastani, kisha wajadiliane kama wastani wafaa kutumiwa au la. Wakifika hapo watagundua kwamba sinki lililowekwa kwa wastani huwa juu mno kwa nusu ya watoto. Hilo ni somo zuri la hisabati kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Kimo kikishajulikana, fundi mzuri huchora mstari wa timazi ukutani, mahali katikati ya sinki patakapokuwa. Mstari huo ndio mama wa kazi yote. Tundu la kutolea maji huwekwa juu ya mstari huo huo. Koki ndogo za kufungia maji huwekwa huku na huku kwa umbali ulio sawa, kwa kimo kimoja, na kuhakikishwa kwa pimamaji. Palipo na maji ya moto na ya baridi, desturi huweka ya moto kushoto. Katika shule zetu nyingi maji ni ya baridi tu, na koki ni moja. Isije ikasahauliwa, maana pasipo koki hiyo kubadilisha washa ya bilula moja hulazimu kufunga maji ya shule nzima. Hapo ndipo bilula inayodondoka huachwa idondoke muhula mzima.

Mabomba yanayokuja ndani ya ukuta yapande wima au yaende mlalo, yasipite mshazari. Sababu yake si urembo. Mwaka ujao mtu atataka kutoboa ukuta ili atundike kioo au chombo cha sabuni. Akiona koki, atajua kuwa bomba limepita juu yake au chini yake moja kwa moja, naye ataliepuka. Bomba la mshazari halina anayejua lilipo, ila msumari. Aidha, mabomba yajazwe maji na kukaguliwa kabla ya kupigwa lipu. Fundi anayeharakisha kupiga lipu kabla ya jaribio anaficha kitu, hata kama mwenyewe hajui anachokificha.

Viungo vyahitaji maneno machache. Bomba la chuma lililopakwa zinki huungwa kwa uzi uliokatwa kwa dai na kuzungushiwa katani, au tepe nyeupe ya mafundi. Tepe hiyo huzungushwa kufuata mwelekeo wa kukaza. Ikizungushwa kinyume, hujikusanya na kutoka wakati wa kukazwa. Mabomba ya plastiki ya kuunguzwa, ambayo sasa yameenea kila mahali, huungwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi za Selisiasi. Bomba la milimita 20 hushikwa hapo kwa sekunde 5, kisha husukumwa moja kwa moja ndani ya kiungo na kutulizwa bila kuzungushwa. Kiungo hicho hakifunguki tena. Kikikaa upande, kitakuwa upande siku zote, au kitakatwa. Ndiyo maana twasema kuwa mabomba haya hayamvumilii asiyepima.

Mambo yote tuliyoyataja mpaka sasa yahusu maji yanayokuja. Maji hayo yana nguvu, kwa kuwa yamesukumwa na kimo cha tangi, na nguvu hiyo husamehe makosa mengi. Maji yanayotoka hayana nguvu ila uzito wake tu. Huteremka, hayapandi. Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda mrefu zaidi, na ndipo masomo mengi tuliyoyaona yanapopita haraka.

Katika shule moja tuliyoizuru wakati wa mazoezi ya kufundisha, palifungwa masinki manne karibu na vyoo vya wanafunzi. Fundi alipewa agizo jema: yashushwe, ukingo uwe sentimeta 60, kwa ajili ya watoto. Aliyashusha. Lakini matundu ya kutolea maji yalikuwa yamekwisha kutobolewa ukutani kwa kimo cha sentimeta 50, kama ilivyo katika nyumba za watu wazima. Chini kabisa mwa bakuli palikuwa sentimeta 46 kutoka sakafuni. Fundi akaunganisha kwa mpira wa mikunjo, ule unaonyumbuka kila upande, ukashuka kisha ukapanda hadi kwenye tundu. Matokeo yake kila mwanachuo aweza kuyahesabu: maji machafu yalisimama ndani ya bakuli kwa kimo cha sentimeta 4, siku zote. Walimu walidhani pameziba. Watoto wakachokoa kwa vijiti. Mpira ukatoboka. Hatimaye ndoo ikawekwa chini ya kila sinki, na watoto wakaanza kunawia ndani ya ndoo, maji yale yale, mmoja baada ya mwingine. Kitu kilichojengwa ili kuzuia maradhi kilikuwa kimegeuka kuwa njia ya kuyaeneza.

Mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha darasa la sita aliwapa wanafunzi wake futi na mpira mwangavu wa kupimia usawa wa maji, ule ambao waashi hutumia, akawauliza swali moja tu: “Maji haya yanasubiri nini?” Wanafunzi walipima, wakaandika 46 na 50, wakaonyeshana. Mwalimu mkuu aliipeleka karatasi hiyo kwa mkandarasi. Hakukuwa na mabishano, kwa sababu namba hazibishaniwi. Fundi alirudi, akatoboa upya kwa sentimeta 33, akaweka bomba gumu, na maji yakaondoka.

Tuutazame basi mpira wa mikunjo, kwani u katika kila duka la vifaa na bei yake ni ndogo. Fundi asiyepima huupenda kwa sababu husamehe kila kosa la kipimo. Lakini kila mkunjo wake ni kijishimo cha kukusanya sabuni, nywele na mchanga. Ukilegea hutengeneza tumbo mahali pasipotakiwa. Ukinyooshwa hupoteza goti lake. Unafaa kwa dharura ya wiki moja. Kwa sinki la kudumu yatakiwa trapu ngumu, na sasa tufafanue neno hilo.

Trapu, kama mafundi wetu wanavyoiita, ni lile goti la bomba chini ya sinki ambamo maji kidogo hubaki daima. Mtoto akiliona huuliza, na mwalimu asiyejua hujibu kwamba ni la kunasa pete iliyoanguka. Hunasa pete kweli, lakini halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Bomba la kutolea maji limeungana na chemba, na chemba na shimo la majitaka. Huko kuna hewa yenye uvundo, mende, na mbu aina ya kuleksi ambao huzaliana katika mashimo hayo. Kama bomba lingenyooka, vyote hivyo vingekuwa na njia ya wazi hadi mbele ya uso wa mtoto anayenawa. Maji yaliyobaki gotini ndiyo mlango. Majitaka hupita, hewa haipiti. Kimo cha maji hayo huitwa kimo cha kizuizi, nacho kisipungue milimita 50. Kwa masinki, yenye mabomba membamba, desturi ya Uingereza ambayo mafundi wetu wengi waliirithi hutaka milimita 75.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1775, mtengeneza saa mmoja mjini London, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa ili maji yabaki ndani yake. Twapenda kuwatajia wanafunzi jambo hili, si kwa ajili ya tarehe, bali wajue kuwa mtu aliyezoea kazi ndogondogo za usahihi ndiye aliyeona kuwa dawa ya uvundo ni kuligeuza umbo la bomba.

Goti la kwenda ukutani ni bora kuliko goti la kwenda sakafuni. Lile la sakafuni huteremka ghafla baada ya kupinda. Bomba likijaa maji, uzito wa maji yanayoteremka huyavuta na yale yaliyopaswa kubaki, na mlango huachwa wazi bila mtu kujua. Lile la ukutani hutoka kwa mteremko mdogo, hewa ikapata nafasi juu ya maji. Mteremko huo uwe kiasi cha milimita 25 kwa kila mita, yaani 1 kwa 40. Ukipungua mno, sabuni hutuama. Ukizidi mno, mvuto tulioutaja hurudi. Bomba la milimita 32 lisiende mbali. Likipita mita 1.7 kabla ya kufika kwenye bomba kubwa, ni afadhali litumike la milimita 40. Nati za trapu ya plastiki hukazwa kwa mkono. Zina washa za mpira ndani. Kama zavuja, washa imekaa upande au bomba limekatwa mshazari, na spana haitaponya hayo, itapasua nati. Ukiona nati ya trapu imevilingishwa tepe nyingi au kupakwa gundi, mwulize fundi kwa upole sababu yake.

Kwamba maji ya gotini ni kinga halisi, dunia ilipata kukumbushwa mwaka 2003. Katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS kwa muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba trapu za sakafuni katika bafu nyingi zilikuwa zimekauka kwa kuwa hazikuwa zikimwagiwa maji, na hivyo hewa na vitone kutoka mabomba makuu ya majitaka vikapata njia ya kuingia nyumbani, hasa palipokuwa na feni za kuvuta hewa. Ugonjwa ule una mambo mengi, wala hatusemi kuwa kila trapu kavu huleta msiba. Lakini mwalimu anayedhani kikombe cha maji ndani ya goti ni jambo dogo aukumbuke mwaka huo.

Tuje sasa kwenye somo lenyewe. Vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha kwa darasa la tano au la sita. Mwalimu asianze kwa kutaja majina ya sehemu na kuyaandika ubaoni. Huo ndio ugonjwa wa masomo yetu ya vitendo: mtoto hutoka amekariri majina kumi, hajui hata sababu moja. Aanze sinkini. Wanafunzi watazame kwa makundi, kisha kila mmoja achore mabomba anayoyaona, na kwa mistari ya nukta achore yale asiyoyaona nyuma ya ukuta, hadi mahali anapodhani maji huishia. Michoro hiyo ikusanywe bila kusahihishwa.

Kisha mwalimu aulize: “Bomba lililonyooka lingekuwa rahisi na la bei nafuu. Kwa nini basi fundi alilipinda?” Apokee majibu yote. Asitoe lake. Badala yake alete chupa ya plastiki iliyotiwa kitunguu kilichopondwa, au utumbo wa samaki kwa mwalimu mwenye moyo mgumu, na kifuniko chake kiwe kimetobolewa na kupitishwa mpira mwangavu wa urefu wa mita moja, kisha pakazibwa vizuri kwa nta. Mpira ukiwa mtupu, mwanafunzi hunusa mwisho wake na kukunja uso. Kisha mpira hupindwa kama goti, hutiwa maji kidogo, na mwingine hunusa. Harufu imekatika. Maji yaonekana kwa macho yamekaa gotini. Hapo, kabla mwalimu hajasema neno, kuna mtoto atakayegeuka na kulitazama sinki.

Kundi jingine lijaribu mvuto: mpira huo huo, bila chupa, upindwe mfano wa herufi S, mwisho wake ukishuka chini sana, na maji yamiminwe kwa nguvu hadi yajae. Yakimalizika kupita, wakague kama goti lina maji. Halafu mwisho wa mpira uinuliwe karibu na usawa wa goti, warudie. Tofauti wataiona wenyewe. Tahadhari moja: mpira uwe mpya au umeoshwa vizuri, na mtoto asivute maji kwa mdomo kwa hali yoyote. Ikiwa trapu ya sinki itafunguliwa mbele ya darasa, ndoo itangulie chini yake, na anayefungua anawe kwa sabuni mara amalizapo.

Mwisho wa vipindi, wanafunzi wachore tena. Mwalimu alinganishe mchoro wa kwanza na wa pili wa kila mtoto. Hiyo ndiyo tathmini, nayo haihitaji mtihani. Tumeona mara nyingi kuwa katika mchoro wa kwanza mtoto huchora bomba likishuka moja kwa moja ardhini na kutoweka, kana kwamba maji machafu yakiingia sakafuni huwa yamekwisha. Katika wa pili huchora goti, maji ndani yake, mteremko, chemba. Asiyechora mteremko arudishwe kwenye mpira wa waashi kabla ya jambo lingine.

Wapo wanachuo watakaouliza: shule nisiyokuwa na maji ya bomba nitafanyaje? Kibuyu chirizi kina bilula yake, yaani tundu, na kina maji machafu yanayodondoka chini, swali la “yanakwenda wapi?” lafaa hapo vilevile, na jibu lake mara nyingi ni tope chini ya miguu ya watoto, ambalo darasa laweza kuliondoa kwa kuchimba shimo dogo na kulijaza kokoto. Na shule yenye pipa laweza kuhudumia sinki halisi. Maji yaliyoinuliwa mita 10 hutoa kani ya takriban kilo 1 kwa kila sentimeta ya mraba. Pipa lililoinuliwa mita 2 hutoa moja ya tano ya hiyo. Ni kidogo, lakini yatosha kunawa, mradi bomba lisiwe jembamba mno na bilula liwe la kufunguka kwa robo ya mzunguko. Iwe kwa pipa au kwa maji ya mjini, mdomo wa bilula ukae juu ya ukingo wa sinki, na mpira usiachwe umezama ndani ya bakuli lililojaa. Maji yakikatika, mabomba huweza kunyonya yale machafu yarudi.

Limebaki jambo la likizo. Shule ikifungwa kwa wiki kadhaa wakati wa joto, maji ya gotini hukauka polepole, na siku ya kufungua madarasa uvundo huwapokea watoto mlangoni. Wengi hudhani shimo limejaa na kuanza kuomba fedha za kulinyonya. Siku ya mwisho ya muhula, kundi la zamu lipitie kila sinki, limwage kikombe cha maji safi, kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huelea juu ya maji ya gotini na kuyachelewesha yasikauke. Mlinzi naye aombwe arudie kumwaga maji kila baada ya wiki mbili, na funguo za chumba hicho aachiwe yeye.